Besi ya Bashi Chanda

Mimi, vijana, hakuna tena kitu mu hii dunia chenye kinaweza kunishangaza. Nimeona mamba akiingia kanisani siku ya ubatizo, na muchungaji akatoroka mu dirisha mbele ya waumini wake wote. Nimeona mutu akiuza gitare moja mara mbili, siku moja, ku soko moja, na wanunuzi wote wawili wakarudi nyumbani wakicheka. Nimeona mvua ikinyesha upande moja wa barabara ya Nchelenge, na upande wa pili mama anaanika mihogo yake bila haraka. Mutu akiwaambia, "Nilimukuta Fundi Kalenga ameshangaa," mumuulize alimuona Kalenga gani.

Shule niliacha mwaka wa tatu ya primere, kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru. Nilitoa ubao ku dawati yangu, nikachonga shingo ya gitare. Mwalimu akanifukuza, lakini gitare akabaki nayo. Njo pale nilijua kazi yangu iko muzuri. Tangu ile siku hakuna mutu alinifundisha kushika musumeno, hakuna baba alinipa franga ya kuanza. Misumari yangu ya kwanza niliokota mu majivu ya nyumba yenye iliungua, nikainyoosha moja moja juu ya jiwe. Na leo, toka Puta mpaka Kashikishi, toka Mantapala mpaka visiwani, banjo yenye kulia vizuri ilipita mu mikono yangu. Yenye kulia mubaya ilipita mu mikono ya wengine. Banjo, njo vile tunaita hapa gitare ya kujitengenezea, kwa wale wenu wenye munajua tu mizike ya telefone.

Sasa niko mu retrete, nimestaafu. Hakuna biro ilinipa barua. Vidole viwili vya mukono wa kuume njo vilinipa. Vimekataa kujikunja, juu ya kupinda waya miaka zaidi ya makumi tatu. Atelie, nyumba yangu ya kazi, nimeachia wengine. Asubuhi nakaa ku mulango na chai yangu, naangalia ziwa. Kama ukungu iko, ziwa haionekane, inasikika tu. Kafi inagonga ubavu wa bwato, mutu anakohoa, mwingine anacheka, na mwili wa mutu hauone hata moja. Ile saa wenzangu wanakuja. Sisemi mizimu, mimi ni mukristo. Nasema wanakuja namna wimbo inakuja: hauiite, inaanza yenyewe mu kichwa, na mukono unaanza kupiga goti.

Tulikuwa wane. Watu walituita Watu wa Mabati, juu ku vyombo vyetu hakukuwa hata kimoja cha duka. Kasongo alipiga solo, Mama Luse aliimba, Bashi Chanda alipiga besi, mimi nilitengeneza vyote na kupiga ngoma. Nimebaki mimi.

Kasongo alikuwa mukubwa wangu, mutu wa ng'ambo kama mimi, murefu, na mabega yenye kuanguka kama nguo ku kamba. Banjo ya kwanza nilimuletea nikiwa na kiburi kama jogoo. Tumbo ilikuwa bidon, dumu tupu ya mafuta, shingo ya muti wa mulombwa, nyuzi nilizitoa ku waya ya freni ya kinga, baiskeli yangu mwenyewe, na kwa hiyo nilishuka kilima bila freni wiki nzima. Vile vyuma vya ku shingo, vyenye kidole kinafinyia uzi, nilivipanga na kisanduku cha viberiti. Kisanduku, chuma, kisanduku, chuma, mpaka chini. Sawasawa kama meno ya kitana. Kasongo akapiga. Akageuza banjo, akaangalia nyuma, akapiga tena.

"Kalenga, asante sana," akasema. "Nilikuwa natafuta ngazi ya kupandia ku paa."

Watu walicheka mpaka jua kuzama. Kisha akanivuta pembeni, akashika kipande cha uzi, akakikunja katikati. "Hapa katikati sauti inarudi nyumbani, ila ya juu. Vyuma vingine vinakaribiana vile unashuka kuelekea tumbo. Vitafute na sikio. Jicho ni mwongo." Nilivitafuta siku tatu. Ile ya tatu sikukula. Mukinisikia kusema hakuna mutu alinifundisha, musiseme nadanganya: Kasongo hakunifundisha, alinicheka. Ni kitu ingine.

Na mushike hii, wale wenye munatengeneza: waya ya freni iko na nyuzi nyingi ndani yake. Mutoe moja, muisugue na majivu, muangalie kama kutu haijaingia. Uzi wa kutu unaimba kama mutu mwenye muchanga mu meno. Leo munapima na telefone, sawa, sikatae. Lakini telefone haisikie kutu.

Mama Luse aliimba akiwapa watu mugongo. Sikumuona siku moja akiimba na uso ku watu. Aligeukia ziwa, akatikisa kopo yake ya maziwa yenye mbegu za mahindi ndani, na sauti ikaenda juu ya maji, kisha ikarudi kwetu baridi kidogo. "Wakiniangalia mudomo, hawasikie," alisema. Kule Puta mvua kubwa ilianguka katikati ya wimbo. Watu wote wakakimbia. Yeye akaendelea, mugongo kwetu, maji inamutiririka mu shingo, mpaka wimbo ikaisha na heshima yake. Kisha akageuka.

"Batu beko wapi?"

"Walienda kitambo, Mama."

"Na ninyi?"

"Sisi tuko chini ya meza."

Akatuangalia, akafinya nguo yake, akasema, "Basi hata samaki walisikia vizuri kuliko ninyi." Mpaka leo, mvua ikipiga bati yangu, namuona amesimama pale, na sijue kama ile sauti yenye kupanda ni mvua ao ni yeye.

Bon. Muelewe desturi yetu, juu bila hii hamutaelewa taabu yenye nilijitafutia na mikono yangu mwenyewe. Kila mupigaji alikuwa na kipande kifupi cha kufungulia, mbele ya wimbo wowote. Tulikiita salamu. Ya Kasongo ilikuwa sauti tano, na ya tatu alikosea kila siku. Mutu akikufa, chombo chake kinafungwa mu kitambaa, hakilie. Familia ikitoa matanga, nyuma ya miezi fulani, murithi anakifungua na kupiga salamu ya marehemu. Yule mwenye alikuwa karibu sana na marehemu anakaa amegeuza mugongo. Akimusikia mutu wake, anajibu, kwa maneno yoyote yenye yanatoka. Hapo jina na chombo vinaenda kwa murithi, na tunasema: Kasongo yuko. Akinyamaza, ao akikataa, kitambaa kinarudi. Watu wanajaribu mara tatu, si zaidi. Mara ya tatu akinyamaza, uzi unakatwa, tumbo ya chombo inatobolewa na musumari, na chombo kinalazwa juu ya kaburi, vile munaona masahani na vyungu vyenye matundu ku makaburi ya hapa. Jina nalo limeisha. Hakuna mutu atalibeba tena.

Kwa Kasongo haikukawia. Dada yake alisikia ile sauti ya tatu ya makosa, akajibu palepale, "Kasongo, unarudia tena!" Akalia, akacheka. Kwa Mama Luse, kopo ilitikiswa mara mbili tu, kaka yake akasema, "Luse, ingia, kuna baridi."

Ikabaki Bashi Chanda.

Hapa mutu muzima haitwe kwa jina lake, anaitwa kwa mutoto. Bashi Chanda ni baba yake Chanda, Bana Chanda ni mama yake. Chanda mwenyewe alienda Kitwe kitambo, anatuma salamu ku Krismasi. Bashi Chanda alikuwa muvuvi wa hapa, mutu wa maneno kidogo, mwenye kichwa kikubwa na miguu midogo. Alipita ziwa mara elfu, kisha akakufa kitandani, ugonjwa wa tumbo. Hakuacha ng'ombe, hakuacha nyumba ya bati. Aliacha besi yake na salamu yake ya sauti ine, na Bana Chanda alitaka jina la bwana yake libaki mu mudomo ya watu. Njo ile tu alitaka.

Ile wakati nilikuwa ningali mu kazi. Aliniletea ile besi ku atelie, ameibeba ku kichwa, imefungwa mu kitenge. Bana Chanda alijifunza Swahili yake ku soko, akiuzia Wakongomani samaki, na iko vile: fupi, bila mafuta.

"Fundi, uiangalie kidogo. Usiiguse sana."

"Mama, unanijua miaka ngapi?"

"Njo maana nasema."

Nilifungua kitambaa nikaona haya. Sanduku ya mbao, tumbo ya ngozi ya mbuzi, muti murefu, kamba moja ya nailoni: mimi mwenyewe niliitengeneza. Lakini ilikuwa na viraka vyenye sivijue. Ngozi imepasuka, imebandikwa na ulimbo na kipande cha wavu. Ubavu uko na tundu. Watu watakuja siku ya ukumbusho, wataona hii takataka, watauliza ni kazi ya nani, na wote watajibu: ya Kalenga. Mimi? Nikasema hapana.

Nilichagua ngozi ya mbuzi dume, mupya. Niliiloweka siku moja, nikaikwangua manyoya na kipande cha chupa, nikaivuta mu kivuli, juu ngozi yenye imekauka mu jua ni kama mutoto mwenye amelelewa na makofi: inanyooka, lakini siku moja itapasuka. Nikaziba tundu. Nikabadilisha mbao mbili. Nikapiga kamba na kidole, na nawaambia ukweli, hakuna besi kama ile ililia ku hii pwani ya Mweru. Ile ngozi ya zamani niliitupa nyuma ya atelie.

Jumamosi, mangaribi ikikaribia, watu walijaa ku kiwanja ya Bana Chanda. Yeye akakaa ku kiti, mugongo kwetu, mikono ku magoti. Murithi alikuwa Mwansa, mupwa wa marehemu, mutu muzima wa ndevu mwenye duka ya kuchaji telefone. Akapiga salamu. Sauti ine. Ilitoka kubwa, safi, kama gari mupya inapita. Watu wakapiga mikono. Mimi nikasimama kidogo ili wanione.

Bana Chanda akanyamaza. Kuku ikapita mbele yake, ikarudi. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Huyu ni nani?"

"Mama," nikasema, "ni besi ya bwana yako."

"Hapana. Hii ni sauti ya tajiri. Bwana yangu hakuwa tajiri."

"Labda masikio yako imezeeka, Mama."

"Imezeeka pamoja naye, Fundi."

Kitambaa kikarudi. Niliondoka na joto mu masikio. Nikaenda nyuma ya atelie kutafuta ile ngozi ya zamani. Nikakuta imbwa ya jirani imelala, na mbele ya pua yake kipande kidogo kama unyayo wa mutoto. Ingine yote iko ndani ya imbwa. Ile imbwa ilinitikisia mukia. Mimi ni mutu wa hasira, lakini kwa haki: nani aliitupa?

Alor, nikajikaza. Mutu wa kazi haketi analia. Ngozi ya Bashi Chanda ilikaa miaka mu nyumba ya muvuvi, ikakula moshi na mafuta ya samaki. Mupya itakula hivyo hivyo, ila haraka. Niliitundika juu ya chanja ya kukausha samaki wiki mbili. Kila asubuhi naigeuza. Iligeuka rangi ya chai, ikalainika, ikaanza kunuka kama nyumba ya marehemu. Nikafungua tundu ya ubavu tena. Juu yake nikabandika ule utando mweupe wenye buibui anafungia mayai yake ku ukuta. Ule utando unatetemeka, unaipa sauti mungurumo kidogo. Hii siri wazee walikuwa nayo mbele ya spika yoyote, muiandike. Nikalegeza kamba. Nikapiga. Nikamusikia Bashi Chanda wazi, vile alipiga ku ndoa, ku sherehe, kule Puta chini ya meza. Machozi yalitaka kuja. Niliyazuia, kulikuwa wateja.

Mara ya pili, watu walikuwa wachache. Mwansa akapiga. Bana Chanda akainama mbele, kama mutu anasikiliza ku ukuta. Akashika kitenge yake. Nilimuona mabega yakipanda.

"Huyu ni jirani yake," akasema. "Anamujua sana. Anamwiga vizuri. Lakini si yeye."

Hakuna mutu alicheka. Ilibaki mara moja. Wakati wa kufunga kitambaa, Mwansa akaniambia polepole, kwa ile "ninyi" ya heshima, "Ba Fundi, nianze kutafuta musumari, ao mungali na dawa ingine?"

Siku zile nilikaa ku mulango, chai inapoa mu mukono. Ukungu ilikuwa nzito. Ndani yake Bashi Chanda alikuwa anapiga, naapa, sauti yote ine, na ilikuwa ile ile yenye nilimupa Bana Chanda, bibi yake. Nikajiuliza: mimi namusikia, wachezaji wote wanamusikia. Kwa nini bibi yake tu hamusikie? Mimi nikiwa na swali siliachi likauke. Nikaenda.

Nilimukuta ku jiko, anapanga samaki ku chanja.

"Mama, nieleze namna alilia."

"Hakulia. Aliongea."

"Ile ya Puta, siku ya mvua kubwa, unakumbuka, alipiga..."

"Sikuenda Puta."

"Basi ile ndoa ya Kashikishi."

"Fundi." Akaweka samaki chini. "Mi sikuenda ku ngoma yenu hata moja. Unasahau? Kanisa yangu ilikataza. Miaka yote ile, mulikula nshima yangu mbele ya kuondoka, mukirudi mukakula tena. Lini uliniona kule?"

Nikakaa juu ya kuni. Nikatafuta uso wake mu sherehe zote zenye nakumbuka, na nilimukuta tu ku mulango wa nyumba, anatuaga.

"Sasa ulimusikia wapi?"

"Hapa." Akaonyesha jiko, kisha akaonyesha ziwa na kidevu. "Mangaribi alienda kutega nyavu, asubuhi akazitoa. Akirudi, anageuza bwato juu ya magogo mawili ili ikauke. Anakaa juu yake. Besi anaiweka juu ya tumbo ya bwato, anapiga mara moja. Mi niko hapa, nawasha moto. Ukungu iko, simuone. Nikisikia ile, najua maji haikumukula. Najibu, naweka chungu ku moto. Kila siku, Fundi. Mpaka akagonjwa."

"Ulikuwa unajibu nini?"

Akaniangalia kama vile nilimuuliza rangi ya nguo zake za ndani.

"Hiyo si yako."

Bwato yenyewe ilikuwa ya kuchongwa, ya muti moja. Nyuma ya mazishi Bana Chanda aliiuza, ikaenda Chisenga. Kesho yake nikakodi boti ya mashine na muendeshaji wake, nikaenda kwenye kisiwa. Niliuliza ku kambi ya kwanza ya wavuvi, ya pili, ya tatu. Ku ya ine nikaijua bwato kwa kiraka chake cha bati ku pua. Ilikuwa imezikwa nusu mu muchanga, imejaa maji na mihogo inalowekwa, na harufu yake hata nzi walikuwa wanapita mbali. Mwenyewe alikuwa mama munene, Mama Kabwe, anakula miwa.

"Nataka kununua hii bwato, Mama."

Akaacha kutafuna. "Hii? Haielee. Inakunywa maji kuliko bwana yangu."

"Najua. Nataka yenyewe."

"Basi bei imepanda."

"Imepanda juu ya nini?"

"Juu umepita ziwa kuitafuta, tata. Mutu hapiti ziwa juu ya takataka." Akatema miwa. "Na mihogo yangu nitaiweka wapi? Mu kofia yako?"

Ilibidi nimununulie pipa ya plastiki, kubwa, ya mufuniko. Alichagua ya bluu. Mimi nimepatana na wafanyabiashara wa Lubumbashi wakalia, lakini ile mama alinikamua kama limau, na nilimuheshimu.

Tuliziba nyufa na vitambaa na ulimbo, tukaifunga nyuma ya boti. Muendeshaji alisikitika njia yote. "Ba Fundi, mukisema ku Nchelenge kwamba mi njo nilivuta hii kitu, nitakataa." Katikati ya ziwa mashine ilipata joto, akaizima ipumuzike. Jua lilikuwa juu kabisa, upepo hakuna. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, pwani zote mbili zimepotea, na sikujua tena kama tunaenda ao tunarudi. Nyuma yetu ile bwato tupu ilikuwa inagonga boti yetu, polepole, tup, tup, kama mutu mwenye adabu ku mulango. Nikafunga macho. Kasongo alikuwa ku pua ya boti na mabega yake ya kuanguka. Mama Luse alikuwa amekaa, mugongo kwangu. Nikataka kuuliza mwenzetu iko wapi. Mashine ikawaka, na muendeshaji akasema, "Ba Fundi, mulikuwa munaongea na nani?" Nikamuambia aangalie mbele.

Mara ya tatu sikuita watu. Nilimuambia Mwansa aje asubuhi, mbele ya jua. Magogo mawili yalikuwa bado pale ku pwani, mu majani. Tukageuza bwato juu yake, tukaiacha siku mbili ikauke. Ile asubuhi ukungu ilishuka mpaka ku magoti. Nilimukalisha Mwansa juu ya bwato, besi mbele yake juu ya ule mugongo wa muti, nikamuambia ahesabu mpaka mia mbili kisha apige, mara moja tu, asirudie. Kisha nikapanda mpaka ku jiko. Maisha yangu yote nilimusikiliza Bashi Chanda nikiwa pembeni yake. Nilitaka kusimama pale kwa bibi yake.

Bana Chanda alikuwa anavunja vijiti vya moto. Mugongo wake ulikuwa ku ziwa. Hakunisalimia. Mu kona ya jiko niliona kamba ya kubebea besi ku kaburi imeviringwa, na musumari juu yake. Mwansa alishaleta.

Salamu ikaja.

Kwa ufundi, haikuwa muzuri. Ilikuwa ndogo, pana, imelowa. Haikuja mu masikio. Ilipita mu muchanga, ikapanda mu nyayo za miguu, na mwisho ndio masikio yakaijua. Hakukuwa ngozi wala kamba ndani yake. Ilikuwa mutu mwenye baridi, mwenye amechoka, anasema sauti ine na kunyamaza. Mimi mwenye nilitengeneza ile besi, mara mbili, sikuwa naijua.

Kijiti kikavunjika mu mukono wake. Akaweka moto. Akachukua chungu, akamimina maji, akakiweka juu ya mafiga matatu, akakisogeza kidogo ili kikae sawa.

"Mwaiseni, Bashi Chanda," akasema. Karibu, kwa Kibemba. Hakuinua sauti, alisema kama kwa mutu mwenye iko mu mulango. "Samaki iko?"

Kule chini, Mwansa hakujua kama anapaswa kujibu. Alinyamaza, na alifanya vizuri.

Tangu ile siku, ku ngoma zote, Mwansa anaitwa Bashi Chanda, na duka yake ya kuchaji telefone nayo inaitwa vile. Asubuhi akipata nafasi anashuka ku pwani anapiga mara moja, na kule juu moshi inatoka ku jiko. Bwato haitavua tena, iko pale juu ya magogo yake, mukipita muiangalie lakini musiikalie. Ule musumari nilichukua, ulikuwa muzuri, nikaupiga mu rafu ya atelie.

Bana Chanda aliniuliza, ile ile asubuhi, tukikunywa chai: "Fundi, ilikukula pesa ngapi?" Nikamuambia hakuna kitu, Mama, watu wa Chisenga ni rafiki zangu. Ninyi sitawadanganya, juu munataka kujifunza kazi. Bwato, boti, petroli, ulimbo na ile pipa ya bluu: kwacha elfu moja, mia nane na makumi sita na tano.